Wino Uliopashwa Moto

...kama nimeiona chupa ya wino, hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida aliloniuliza Hulda, amesimama mlangoni mwa jikoni na shuka zito amelifunga kifuani kwa ajili ya baridi, umeiona chupa ya wino, Baba Ema, nami bila kuinua macho nikamjibu ipo pale pale unapoiweka, karibu na mafiga, kwa kuwa aliamini kwamba wino wa Njombe usipopashwa moto mwezi wa Juni haushuki kwenye nibu, akacheka, akasema nimeshatazama, umeihamisha wewe, na kweli ilikuwa nyuma ya mashine yangu, chini ya karatasi za tafsiri, nikampa, akaondoka nayo ameikumbatia kwa viganja viwili kama mtu aliyeokota yai, kesho Mama Teodora anakuja kuandikiwa barua yake, akasema, halafu kikohozi, halafu kichomi, halafu mchungaji amesimama sebuleni kwetu ameshika kofia na hajui aiweke wapi... na chupa ndiyo hii, nimeitoa jikoni mwenyewe leo mchana, ipo kando ya taipureta, wala sijui nimeitoa ya nini maana taipureta hainywi wino wa chupa, karatasi imekwisha ingia, nimekwisha piga Njombe na tarehe na Mpendwa Odilo, kisha vidole vimesimama, kwa sababu Vestina, huyo Mama Teodora mwenyewe, mke wa Odilo, amesema hapana.

Amekaa kwenye kigoda alichokuwa akikalia siku zote, nguo yake bado ina harufu ya magome ya miwati, maana alipanda lori la magome kutoka Makambako akakaa juu ya mzigo, ameingia amesema kamwene, nimeitika kamwene, amelia kidogo kwa heshima ya marehemu, amejifuta, amesema haya, Baba Ema, kazi, nami nimevuta kiti nikaanza, tak, tak, tak, na yeye ameshtuka kama aliyesikia bunduki ya ndege, hapana, Baba Ema, hiyo hapana, hiyo ni sauti ya bomani. Barua ni barua, Mama Teodora, maneno ni yako yale yale. Maneno yangu, ndiyo, lakini yametoka kwenye meno ya serikali, akiipokea hiyo hataifungua, wewe hujui kule Tanga kwenye mkonge, mtu akiletewa barua ya mashine wenzake wanaacha kazi wanakuja kukaa naye kwanza, kama msibani, wanampikia chai, ndipo anafunguliwa, maana haijawahi kuja barua ya mashine ikaleta heri, ni kesi, au ni kodi, au ni mke amedai talaka, au ni kifo... amelitamka neno akatazama pembeni, nami nimetazama herufi, Mpendwa Odilo, zimenyooka, zimepangana, ile a ya mashine hii ina ufa tumboni tangu ofisi waliponiuzia, zamani nilikuwa nasema herufi za mashine zina heshima kwa sababu hazipendelei mtu, tajiri na maskini wanaandikiwa sawa, nilimwambia hivyo Hulda, akanijibu ndiyo maana zinatisha.

Zinatisha. Hata Ema, yupo Kichiwa kwa bibi yake tangu mazishi, nimemwandikia, nimempigia taipu ukurasa mzima, habari za paka, habari za mwalimu wake, nikaweka sahihi chini, na jibu limekuja kwa penseli, Bibi anauliza, Baba, kwa nini unatuandikia kama Bwana Shauri wa bomani... sikulijibu hilo, ningelijibuje, ningesema kwamba tangu siku ile sijashika kalamu isipokuwa kutia sahihi, kwamba nikiishika mkono unabaki hewani, hautetemeki, ningeelewa kama ungetetemeka, haufanyi kitu tu, kama ng'ombe aliyesimama njiani. Mashine haikuulizi mkono wako una nini. Unagonga, inatoka. Tangazo la msiba nililipiga mimi mwenyewe, na karatasi ya kaboni, nakala moja ya kanisa moja ya ofisi, bila kosa hata moja, watu walisema Abrahamu ni mwanamume kweli, ni Makerere ile...

Unanisikia, Baba Ema? Nakusikia. Nasema kandarasi yake inakwisha mwezi huu, na yule mwandikishaji wa manamba hachelewi, siku mtu anapomaliza yeye yupo mlangoni na kalamu na blanketi jipya, Odilo akiweka dole gumba tu, basi, mwaka mwingine na zaidi, na kaka yake hangoji, juzi ameshuka bondeni kupima vinyungu vyetu, vile vishamba vya majimaji, kwa miguu, hivi, hivi, kama anacheza ngoma, nikamwuliza shemeji unatafuta nini, akasema naangalia maji yanavyopita, maji gani, vinyungu vile nimevilima mimi na mgongo wangu, lakini amesema mwenye navyo asiporudi kiangazi hiki atatia jembe lake, na wazee wamenyamaza, wakinyamaza ujue wamekubali... sasa Odilo lazima apate barua, aifungue mwenyewe, palepale, aone ni mimi. Aone ni wewe, nimesema, lakini wewe huandiki. Ndiyo siandiki, yeye anajua naandika. Anajuaje? Nilimdanganya, amesema bila aibu yoyote, nilisema masista wamenifundisha, ungependa nimwambie kwamba mambo yetu ya ndani yanapita kwanza kwenye masikio ya mke wa karani? Ndiyo hivyo, hata wewe leo utaambiwa nusu, nusu nyingine ataikuta nyumbani.

Angecheka Hulda. Angecheka akiwa ameuma kalamu. Jioni zote hizo, mimi upande huu wa meza na tafsiri za baraza, yeye upande ule na mwanamke mmoja pembeni yake akinong'ona, nao wakiniona natazama wananyamaza, na nibu yake inakwaruza, kwaru, kwaru, nami nalalamika, Mama Ema, nibu hiyo ibadilishe, na yeye, Baba Ema, mashine hiyo ivishe soksi... na ule ugomvi, mume wa Jeni na mume wa Emerensiana wa Lugarawa, kambi moja, jioni moja wametandika barua zao kitandani wakagundua wake zao wawili wana mwandiko mmoja, mmoja akasema kwa nini mke wangu anakuandikia wewe, mwingine akasema wako ndiye ananiandikia mimi, wakashikana kwa visu vya mkonge hadi mnyapara akaja, habari ikatufikia hapa mwezi baadaye, Hulda akafunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, nimewapiganisha wanaume Tanga nami nimekaa jikoni Njombe, na tangu hapo kila mwanamke akampa mwandiko wake, Jeni herufi kubwa za mviringo kama za mtoto, Emerensiana zinaegemea kushoto, na barua ya kwanza ya kuegemea kushoto ilieleza kwamba amejikata kidole akifyeka majani, ndiyo sababu herufi zimelala... sikuona ajabu yake wakati ule. Nilisema tu unajichosha bure, wape mashine, mashine haina ugomvi.

Na sasa huyu anataka nini, anataka nimwandikie kama alivyoandikiwa na Hulda, hakusema hivyo lakini ndicho alichokaa kukisubiri, amekunja mikono, anatazama chupa, nami ni mkalimani wa baraza, nimetafsiri hukumu za watu waliofungwa kwa kuiga mwandiko wa mtu, nimesimama katikati yao na hakimu nikasema kwa Kibena na kwa Kiingereza kwamba mwandiko ni mtu, ukiuiba umeiba mtu, na nitauigaje mwandiko wa marehemu, hata kama ningeweza, hata kama ningekuwa nao mbele yangu, sina, hilo ndilo jambo, sina, nimetafuta, nyumba nzima nimetafuta, barua alizoniandikia Makerere zilipotea na sanduku langu Mwanza, na baada ya ndoa nani anamwandikia mtu aliyelala naye kitanda kimoja, nilichopata ni mikebe, mikebe ya jikoni, CHUMVI, na MAJANI YA CHAI, na ule mkebe wa njegere, MBEGU, USIPIKE, hilo lilikuwa langu peke yangu, maana mwaka uliopita nilizipika, na nimeuweka mkebe ule juu ya kabati sebuleni, wageni wanautazama, nasema ni mbegu... maneno mawili. Mwanamke aliyeandika nusu ya barua zote zilizotoka nchi hii kwenda mkongeni, na kwangu amebakiza usipike.

Odilo anajisifu kule, anasema Vestina, sauti yake inakuja kama kutoka chumba kingine, anazo barua zangu zote ndani ya kisanduku, akizitoa anawaita watu, njooni muone, mke wangu anaandika kama karani wa boma, nao wanasema mwongo wewe, anasema tazameni basi, tazameni hii h, mwanamke gani anaandika h hivi... Nimeacha kutazama mashine. H gani, Mama Teodora? Mimi najua h? Yeye ndiye husema, ina mkia, kama mtu aliyekaa amenyoosha mguu. Kama mtu aliyekaa amenyoosha mguu... jioni, mvua, taa ya chemli, Hulda anapuliza karatasi ikauke, ananisukumia kidogo juu ya meza, mkono umefunika maneno ili nisisome, naona herufi chache tu, akauliza unaujua mwandiko huu, nikatazama juu juu, nikasema mzuri, akasema nimeishiwa miandiko, Baba Ema, huyu wa Makambako nimempa wako, nami nikasema vizuri, vizuri, nikarudi kwenye tafsiri yangu, nilikuwa natafuta neno la Kibena la dhamana, nakumbuka hilo neno, na yeye akabaki ameniangalia dakika moja zaidi, kisha akakunja karatasi. Wangu. H ya mguu ulionyooshwa ni ya mwalimu wangu wa kwanza, niliichukua kwake, nikaenda nayo Makerere, nikamwandikia nayo Hulda miaka ile yote, na barua zangu hazikupotea, zimo kwenye kikapu chake, alizisoma mpaka akaweza kuuchora mkono wangu kwa macho yaliyofumbwa, na wakati mimi ofisini nilikuwa nautupa, sahihi tu, sahihi tu, yeye alikuwa akiufanyisha kazi hapa mezani, akimpelekea mtu asiyemjua Tanga, mke wako anakusalimu, mtoto ameota meno, vinyungu vina maji...

Kwa hiyo siibi. Nimelisema kimoyomoyo kwa Kibena na kwa Kiingereza, kama barazani, siibi. Yule mwanamume kule ana kisanduku kilichojaa mkono wangu na hajui, na mimi nimekaa hapa nauogopa. Lakini kama huo ni wangu, wako uko wapi, Hulda, wa kwako mwenyewe, ni ule wa mikebe tu... au ndio huo huo, kumpa kila mtu wake, huyu duara, huyu kushoto, huyu wa mumeo, ukabaki wewe na chumvi na mbegu. Nje ukungu umefika kwenye ua, mbuzi wa jirani analia, Vestina ameinuka nusu, ameichukua chupa bila kuniomba ruhusa, ameishika kwa viganja viwili, wa baridi huu, anasema, yeye hakuwa anauacha hivi, utagandaje kwenye karatasi, na anakwenda nayo jikoni, nasikia anakoroga majivu, anapuliza, anakohoa moshi, Mpendwa Odilo bado imo kwenye mashine, mikono yangu ipo juu ya vitufe kama ilivyokuwa, hakuna kilichosogea chumbani humu isipokuwa chupa, naye anapaza sauti kutoka jikoni, Baba Ema, tangulia na salamu, hizo unazijua, mengine nitakutajia, na usiniandikie Kiswahili cha baraza, mimi sisemi kwa hiyo na kwa mujibu, mwandike kwamba kaka yake anapima kwa miguu.

Asubuhi nilimsindikiza Vestina kwenye lori la Makambako, barua ameifunga kwenye pindo la kanga, na mimi mfukoni mwa koti nina nyingine, ya kumpelekea Ema, niliyoiandika kwa mkono, ina madoa mawili. Niliporudi nilikuwa na muda kabla ya kengele ya bomani. Niliichomoa ile karatasi kwenye mashine, nikaigeuza upande mweupe, nikaketi jikoni kwenye kigoda, chupa ikiwa kando ya mafiga, nikaanza kujaribu herufi za Emerensiana, zile zinazoegemea kushoto.