Mkate wa Demetria

Mnanijua mtu wa maneno, na kweli ni mtu wa maneno. Lakini Demetria nilimwangalia kwa dirishani tu, kwa wivu.

Chumba kile kilikuwa changu. Sikukipanga wala sikukilipia, lakini kilikuwa changu, mtaa mzima wa Temeke ulijua. Kilitazama njia ya kwenda Kurasini, na miaka ile gati mpya zilipokuwa zikijengwa wanaume walipita hapo kila asubuhi kwenda kazini, hawajatia kitu tumboni. Mwenye nyumba, Mzee Shomari, aliniita mwenyewe. "Chausiku, mwanangu, mkate wako wa kumimina hauna mfano. Chukua chumba hiki, wauzie makuli chai na mkate." Nikamwambia nitafikiria.

Nikafikiria mwezi mzima. Mwezi wa pili nikamwuliza mume wangu Mwinjuma, akasema fanya. Nikamwuliza dada yangu Somoe, naye akasema fanya. Majibu hayo hayakunipendeza, maana nilikuwa natafuta mtu wa kunambia ngoja. Nikampata. Maalim Hija alifungua kitabu chake, akasema Mfungo Tano ndio huo unaingia, na mwezi huo mtu haoi wala hafungui biashara, ningoje Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Sina ugomvi naye, alijibu alichoulizwa. Nilirudi nyumbani moyo mweupe kabisa.

Demetria hakuwa na habari za Mfungo Tano. Yeye Mkristo wa Bukoba, mke wa karani wa bohari, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alipokuja mjini hakujua hata kukuna nazi. Mie ndiye niliyemkalisha juu ya mbuzi nikamwonyesha. Mie ndiye niliyemfundisha mkate wa kumimina. Siku ya nne ya Mfungo Tano nikatoka nje, nikamkuta anafagia mbele ya chumba changu, birika la chai linatoa mvuke.

"Habari za asubuhi, dada Chausiku," akasema, meno yote nje. "Karibu chai."

Nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Nilirudi ndani nikalia mpaka macho yakavimba, na Mwinjuma aliponiuliza nina nini, nikamwambia ni moshi.

Faraja yangu ilikuwa moja, na ilikuwa mbaya, nakiri. Nilipomfundisha sikumfundisha yote. Unga wa mchele na tui ukishaumuka bakulini haukorogwi tena. Unamiminwa ulivyo, taratibu, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Ukiukoroga pumzi yote inatoka, mkate unalala. Hilo nililiweka kwangu. Basi kila asubuhi nilisimama dirishani kuiangalia mikate yake ikitoka bapa kama chapati, na roho yangu inapoa. Nikajiambia atafunga wiki hii. Ilipopita nikajiambia wiki ijayo.

Hakufunga. Makuli walizidi, wengine wakawa wanakula wamesimama kwa kukosa pa kukaa.

Siku ya kumi nilishindwa. Nikavaa buibui nikaenda kukaa kwenye benchi lake kama mteja, nione siri yake ni nini. Nilidhani labda kaweka dawa. Kando yangu alikaa mpakia magunia mmoja, wanamwita Alfonsi, anakula huku anacheka.

"Bi Demetria, mkate umelala tena leo!"

"Kula hivyo hivyo, utaamka tumboni," Demetria akamjibu.

Nikamgeukia yule mwanamume. "Kwani mtaa huu hakuna mkate mzuri kuliko huu?" Nilijua jibu, nilitaka kulisikia tu.

"Upo. Nasikia kuna mama anaupika hasa, lakini yumo nyumbani kwake. Sie tunapita hapa saa kumi na mbili, dada. Tukamgongee mtu mlango atulishe?"

Mama huyo alikuwa amekaa naye bega kwa bega. Uso ukaniwaka. Nikatazama pembeni, nikamwona Demetria kainamia bakuli, unga umeumuka vizuri, umejaa mapovu, naye kashika mwiko. Sijui kilichonipata. Miezi yote ile sikuwahi kukata shauri la jambo lolote, na hili pia sikulikata, lilinitoka tu.

"Weka mwiko chini! Ukishaumuka haukorogwi!"

Demetria akanitazama, akautazama mwiko. Nikangoja anitukane.

"Nilijua kuna kitu umenificha," akasema polepole. "Nikaona bora nianze hivyo hivyo, na mkate mbaya."

Akaweka mwiko chini, akamimina. Kifuniko kilipoondolewa mkate ulikuwa umepanda mpaka ukingoni mwa sufuria, una vitundu vidogo vidogo, mkate wangu kabisa, mikononi mwake. Alfonsi akapiga makofi. Sasa Demetria alikuwa na chumba, na wateja, na mkate. Mie nilikuwa na buibui langu. Nilimwonea wivu, na hapo hapo nikaona nilichokuwa sitaki kukiona, kwamba mwanamke huyu hajaninyang'anya kitu. Vyote nimempa mwenyewe.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Shomari, nikamkuta barazani anatafuna tambuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Chausiku."

"Nataka chumba."

"Umechelewa, mwanangu. Kimekwenda."

"Nataka cha pili yake. Kile unachowekea makuti."

"Hicho?" Akatema tambuu, akafuta mdomo. "Hicho kinavuja. Na bado tumo ndani ya Mfungo Tano, au umesahau? Nenda kafikirie kwanza. Mvua zikikatika nitakiezeka, halafu ndiyo—"

"Kitavuja nikiwa ndani yake," nikamwambia. "Nipe ufunguo."