Wosia wa Kasimiri

Kwa kuchonga vinyago, Mtoni nzima hakuna aliyemfikia Kasimiri. Kwa kusema, masikini, alikuwa gogo. Miaka mitatu alinunua vitumbua kwa Eufrazia, mjane wa jirani, na miaka mitatu alimwambia neno moja tu: "Viwili."

Mchana mmoja alitia mkono ndani ya uwazi wa gogo la mpingo. Lo! Kidole kikawaka moto, na mle gizani kitu kikachakura.

"Nyoka!" akapiga yowe. "Marselino, lete tezo, kikate kidole!"

Marselino, mtani wake aliyechonga naye, akainyanyua tezo. "Kipi? Maana vyote vibaya."

"We! Weka chini hiyo!" Eufrazia alikuja mbio. Marehemu mumewe alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, na mengi alijifunza kwake.

"Eufrazia, mie nakufa," Kasimiri akalia, jasho likimchuruzika. "Sikia wosia wangu, Marselino awe shahidi. Nakupenda tangu masika yale paa lako lilipovuja. Kile kinyago cha mama anayetwanga, ni wewe! Vitumbua vyako hata sivipendi, nafuata kukuona tu..."

Eufrazia alimfunua kope, akamtazama ufizi, akakigeuza kidole. Tundu moja tu.

"Sumu ya swila hulegeza mwili," akasema. "Kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mwisho pumzi inagoma. Ya kifutu inauvimbisha mkono wote, damu haigandi, hata ufizi unavuja. Wewe kope ziko juu, mkono mwembamba vilevile, na ulimi ndio kwanza umefunguka! Huyo ni nge. Sumu yake inachokoza mishipa ya fahamu, ndiyo maana unaungua na kutoka jasho. Utaumwa mpaka kesho, lakini hufi."

Marselino akaligonga gogo. Nge akatoka, mkia juu, Marselino akamponda.

Kasimiri alifurahi kupona, kisha akakumbuka aliyoyasema. Akatamani awe ameumwa na swila kweli.

"Yale maneno..." akaanza.

"Wosia haurudishwi," Marselino akacheka. "Mie shahidi."

Eufrazia akakifunga kidole kwa kitambaa cha maji baridi, polepole. "Kwa hiyo vitumbua vyangu huvipendi?"

Kasimiri akainamisha kichwa.

"Marselino, wewe ndiye mshenga," akasema Eufrazia. "Nenda kwa kaka yangu Ansbert sasa hivi, kabla maumivu hayajapoa huyu akawa bubu tena."