Nyuma ya Kabati Hakuna Mtu

Jumamosi ile, wakati ukumbi mzima unahesabu pointi, kocha wa timu ya kikapu ya hospitali alikuwa anahesabu magoti. Yalikuwa manne, ya watu wawili, na yote aliyafunga bandeji yeye mwenyewe kabla ya mechi, kwa sababu siku za kazi alikuwa nesi wa chumba cha plasta na mguu wa mtu hauwezi kumdanganya.

Mawili yalikuwa ya dereva wa gari la wagonjwa, mwenye miaka arobaini na miwili, aliyeitwa Mnara. Mengine mawili yalikuwa ya fundi wa jenereta, miaka arobaini na minne, mpana wa mabega, jina lake la uwanjani Kabati. Huyu Kabati alikuwa mjomba wa kocha, ndugu wa tumbo moja na mama yake, na ndiye aliyemfundisha kudunda mpira tangu hajaweza hata kuukumbatia. Kwa miaka kumi na mitano wazee hao wawili walisimama chini ya ringi, na timu nyingine zilikuwa zikipita mbali.

Sasa walikuwa wamekula chumvi nyingi, na nyuma yao hakukuwa na mtu. Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la kocha. Kila hospitali ilipoajiri mtu mrefu, wazee walimdaka siku ya kwanza na kumleta mazoezini kwa mbwembwe. Kisha mtoto wa watu akakaa benchi. Kocha alimwahidi dakika kumi wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, mjomba anakaza macho, naye kocha ananywea. Nani amtoe mjomba? Warefu watatu walikuja hivyo na wote wakaondoka. Wa mwisho, mpima damu wa maabara, aligawa taulo misimu miwili mpaka timu ya kiwanda cha saruji ikamchukua. Leo alikuwa ndiye senta wa saruji, mtu wao wa chini ya ringi, anaitwa Ngazi, na alikuwa anawanyanyasa wale wale aliokuwa akiwafuta jasho.

Na mechi yenyewe haikuwa ya utani. Atakayefungwa anashuka daraja. Mwenyekiti wa kamati, daktari wa meno asiye na ganzi mdomoni mwake, alishamwambia kocha mbele ya wagonjwa waliopanga foleni: "Nesi, timu ikishuka, na wewe unashuka. Plasta zako hatuzigusi, ila timu tutampa mwingine." Alisema huku anatabasamu, na tabasamu lile lilimkera kocha kuliko maneno.

Mwanzoni mwa robo ya nne Mnara akamwangukia Ngazi mgongoni. Filimbi ikalia. Ilikuwa faulo yake ya tano, maana yake nje.

"Mwamuzi, nimeteleza tu!" Mnara akalalamika.

"Umeteleza mara tano, mzee wangu. Kapumzike."

Akabaki Kabati peke yake. Zikiwa zimebaki dakika tatu, saruji wanaongoza sitini na moja kwa hamsini na sita, Kabati aliruka kuzuia mpira na akatua kwa mguu mmoja. Hakuanguka. Alitembea kama aliyekanyaga msumari na hataki watu wajue. Kocha akaomba muda.

"Mjomba, kaa chini."

"Niko sawa."

"Huko sawa. Umetua na mguu mmoja."

"Si ninayo miwili? Mwingine wa nini?" Wachezaji wakacheka. Yeye hakucheka. Akainama akamnong'oneza, "Mwanangu, ukinitoa unamwingiza nani? Hebu geuka uliangalie benchi lako."

Kocha akageuka. Alimwona mfamasia, mchezaji wa pembeni. Alimwona karani wa mapokezi, mwepesi wa mbio na mfupi wa kila kitu kingine. Mwishoni alikaa msukuma mitungi ya oksijeni, mfupi vilevile lakini mnene kuanzia shingoni, ambaye wenzake walimwita Stuli. Kila alipochezeshwa pembeni alitoa pasi kwa watazamaji. Mikono yake ilikuwa imejaa alama za kucha.

Kocha akazitazama zile alama. Zilikuwa za kucha za Mnara na za mjomba.

Kila Jumanne na Alhamisi, kwa miaka minne, wazee walipotaka mtu wa kusukumana naye chini ya ringi na hakuna mrefu aliyebaki, walimwita nani? "Stuli, njoo tukuegemee!" Naye alikuja, akapinda magoti, akawasukuma kama anavyosukuma mitungi wodini, kwa nyonga, bila haraka. Kocha siku zote alikuwa anawatazama wazee. Tangu msimu uliopita walikuwa hawafungi kitu mazoezini, naye alidhani ni uzee tu. Uzee ulikuwepo, hakukataa. Lakini na mtu alikuwepo nyuma yao! Alijiona mjinga, na papo hapo akafurahi.

"Stuli, ingia. Chini ya ringi."

"Mimi? Kocha, mimi hata ubao siufikii."

"Usiufikie. Ngazi anaruka akipata pa kusimama. Mnyime pa kusimama."

Mjomba akafumbua mdomo. Kocha akapiga moyo konde.

"Mjomba, kaa chini. Sikuombi."

Tangu azaliwe hajawahi kumwambia mjomba wake neno la namna hiyo. Mzee akakaa, na benchi likalia.

"Wameishiwa kabati, wanaleta stuli!" mashabiki wa saruji wakapiga kelele, wakashika mbavu.

Ngazi akapewa mpira, akarudi nyuma kinyumenyume kama alivyozoea. Hakuna kilichosogea. Akasukuma tena. Akageuka kuona amegonga nini, ikambidi aangalie chini. Stuli akamtembeza hatua moja nje, ya pili, ya tatu, mpaka Ngazi akatupa kutoka mahali ambapo hata pasi alikuwa haitoi. Mpira ukagonga ringi, ukaanguka sakafuni, na sakafuni ndiko walikoishi wafupi wa hospitali. Karani akauokota, akakimbia peke yake, akafunga.

"Nyonga, Stuli! Nyonga!" Mjomba alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, sauti imemkauka. "Hivyo hivyo, mwanangu! Usimpe hata kigae!"

Karibu dakika tatu nzima saruji hawakupata hata pointi moja. Mfamasia akachezewa faulo, akafunga mitupo yote miwili. Sitini na moja kwa sitini.

Zikabaki sekunde nane. Mfamasia akatupa kutoka pembeni, akakosa. Watu wote wakaangalia juu, isipokuwa Stuli, ambaye alikuwa amemziba Ngazi kwa mgongo na anasubiri. Mpira ukadunda mara moja mbele yake. Akaunyakua kwa mikono miwili, akausukumiza ubaoni kwa mtindo usiofundishwa popote duniani. Ukagonga ubao, ukazunguka ringi, ukaingia. Sitini na mbili kwa sitini na moja, na filimbi ya mwisho ikalia.

Ukumbi ukalipuka. Mfamasia alilia waziwazi. Mnara alikimbia uwanjani bila kukumbuka magoti yake, wakambeba Stuli juu juu, naye anapiga kelele wamshushe kwa kuwa anaogopa kimo. Daktari wa meno akashuka ngazi za jukwaa, akampa mkono nesi wake, na kwa mara ya kwanza akamwita "Kocha."

Kocha akaenda kukaa kwenye benchi kando ya mjomba wake, akauchukua ule mguu na kuuweka mapajani mwake, akaanza kufungua bandeji.

"Miaka minne Stuli ananisukuma mgongoni," mjomba akasema. "Sikuwahi kugeuka nikamwangalia. Ulitakiwa unitoe tangu msimu wa juzi."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali hata kwa mtutu wa bunduki."

"Sasa ningefanyaje, mjomba?"

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Unaniuliza mimi? Kocha nani hapa?"