Kopo la Asali ya Sadallah

Sadallah alipoletwa kwangu Njoro juu ya baiskeli, mguu ukimnuka, nilimshukuru Mungu. Sisemi uongo. Nilishukuru kwa sauti, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri uani wakadhani nafurahi kwamba amefika salama.

Kazi yangu ni vidonda. Bibi yangu alinifundisha: maji ya chumvi kwanza, kisha asali ya nyuki wadogo, na ngozi mpya ikianza kuja, mafuta ya kondoo ili isipasuke. Mwaka ule wa kuhamia vijijini dawa zilikuwa adimu, na watu walinijia hata kutoka Kahe.

Mwaka mmoja kabla, shoka lilimkata mume wangu, Mashaka, kwenye kifundo cha mguu. Mizinga yangu ilikuwa mitupu kwa ukame. Nikakimbilia dukani kwa Sadallah, Himo, akanipa kopo la asali na kuapa kwamba ni safi. Asali hujaribiwa kwa njiti ya kiberiti: unaichovya, unaiwasha, ikishika moto ni asali kweli. Lakini kwetu, kumjaribia mtu asali yake mbele ya macho yake ni kumwita mwizi. Niliona haya, nikaenda nayo hivyo hivyo. Siku kumi nilimpaka mume wangu ile takataka, mpaka mguu ukaoza na ikabidi ukatwe. Ndipo nilipochovya njiti. Haikuwaka. Ilikuwa sukari guru na maji.

Basi nikamwosha Sadallah kidonda taratibu, kisha nikaleta lile kopo lake. Nilikuwa nimelitunza.

Akalitambua. Macho yakamtoka, akaitazama chupa yangu ya asali iliyokuwa rafuni.

“Dada Mwanaasha, si unipake ile?”

“Ya nini, kaka? Hii ni yako mwenyewe, na uliniapia. Au unataka nikuite mwongo mbele za watu?”

Akageuka kutazama uani. Nusu ya wale walikuwa wateja wake. Salvina alikuwa mbele, amempakata mtoto aliyeungua kwa uji. Nikachovya kitambaa, nikakisogeza polepole.

“Ngoja,” akanong’ona. “Usipake hiyo.”

“Kwa nini?”

“Nilichanganya.”

“Sikusikii, kaka. Na wale pale nyuma hawasikii.”

Jasho lilimtiririka. “Ni sukari guru!” akapiga kelele. “Sukari guru na maji! Miaka yote!”

Salvina akainuka. “Hata ile niliyompaka mwanangu?”

Sadallah akainamisha kichwa. Sitasema uongo hapa pia: nilisikia raha. Mashaka alikuwa chumbani, ukuta mmoja tu kati yetu, na alisikia kila neno.

Nikaishusha chupa yangu, nikampaka asali ya kweli. Bibi aliniapisha nisimrudishe mtu na kidonda chake, na kiapo changu mimi nakiheshimu. Baada ya wiki tatu nilimpaka mafuta ya kondoo. Ngozi ilifunga vizuri, hata kovu ni dogo.

Duka lilikosa mtu, akalifunga. Siku hizi anafanya vibarua huku huku Njoro, na kila asubuhi anapita mlangoni kwangu. Hatua zake ni za haraka, nzito, za miguu miwili. Mashaka akizisikia huniuliza kutoka kitandani ni nani huyo anayewahi hivyo.

Namwambia sijui.