Ndiva Haijajaa

Usingizi unanikuta barazani saa tisa alasiri, ungo wa maharage mabichi mapajani, mume wangu Eliamani pembeni yangu kwenye kiti chake cha kuotea jua, na kabla macho hayajafumba nakumbuka vizuri nilichomwambia Mungu asubuhi: leo ndiyo mwisho. Miezi minane tangu kiharusi kimnyang'anye kauli, miezi minane akina mama wa jumuiya wanakuja kila Alhamisi saa kumi kumwimbia na kumwombea, na mimi nimechoka kuwapokea kwa uso wa Jumapili. Leo ni Alhamisi. Wakija watakuta lango la ua lina komeo, nimelitia kwa mkono wangu. Basi namenya, namenya, na punje moja inaniponyoka, inaanguka lakini haifiki sakafuni, inazidi kuanguka, nami naifuata kwa sababu sipendi chakula kipotee, nainama, nainama zaidi, na nikiinuka baraza haipo, ipo barabara.

Ni barabara ya huku kwetu milimani Upareni, naijua kwa wekundu wake, ila leo haina adabu. Inapanda, inajikunja, inarudi ilikotoka, ikigawanyika inazaa mbili na kila moja inazaa mbili nyingine, na zote zinaniingiza katika mji ambao kuta zake ni maji yaliyosimama wima. Ndani ya kila ukuta nimo mimi, na kila mimi anatia komeo kwenye lango. Nawatazama nikicheka, maana wote wamekasirika na hakuna hata mmoja aliyefunga kilemba sawasawa. Katikati ya njia amesimama mtu aliyevaa koti la mvua la kijani, kama lile la Eliamani alipokuwa mwangalizi wa ndiva, bwawa letu la mfereji tunaloliziba jioni lijae na kulizibua asubuhi, kila shamba kwa zamu yake. Ameshika pembe la ng'ombe, lile la kupulizwa maji yakiwa tayari, lakini uso hana, pale pa uso ni laini kama kiazi kilichomenywa. Shikamoo, namwambia, maana kukosa uso hakumwondolei mtu ukubwa wake. Marahaba, Mama Namsifu, unatafuta nini huku? Natafuta sauti ya mume wangu, na kama haipo niambie mapema nikapumzike. Kitendawili, anasema. Tega. Nikiharakishwa nafia njiani, nikingojewa nalisha kijiji. Nafikiri, nakuna kichwa, nashindwa. Nipe mji, basi. Nampa huohuo wa kuta za maji, sina haja nao, naye anaukunja kama kitenge, anautia kwapani, anacheka bila mdomo. Jibu liko juu, anasema, na barabara inasimama kama ngazi nasi tunapanda.

Juu ipo ndiva yenyewe, karibu tupu, na maji yanayoingia ni membamba kama uzi wa kushonea. Chini kabisa, mwisho wa mfereji, namwona Eliamani kwenye kiti chake, mdogo kama punje, katikati ya shamba letu la tangawizi lililokauka, mdomo wazi. Sisubiri kuambiwa. Navuta kizibo, maji yanatoka, yanakwenda hatua ishirini, udongo unayanywa yote. Yule mtu anaziba kwa matope na majani ya mgomba bila kunigombeza. Nangoja kidogo, kidogo tu, navuta tena. Hatua thelathini, kisha vumbi. Naona aibu. Hilo ni kosa la bibi harusi aliyeletwa juzi kutoka tambarare, siyo langu niliyezaliwa hapa, na Eliamani amewacheka watu wengi kwa kosa hilo kabla kicheko hakijampotea. Kaa, mama, anasema asiye na uso. Nakaa. Miguuni sisimizi wanaburuta bawa la panzi, linaanguka, wanaliinua, linaanguka, wanaliinua, wala hawaitishi kikao. Wewe unapopanda tangawizi, ananiuliza, huwa unaifukua kila asubuhi kuiuliza kama imeota? Siifukui, nasema. Na unajuaje kama iko hai? Nasema, naijua tangawizi. Anaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyejibiwa vizuri. Na Bwana wako humjui?

Nageukia chemchemi inayoilisha ndiva. Maji yanachuruzika kutoka kwenye ufa wa jiwe, tone kwa tone, na nikitega sikio kila tone lina sauti. Hili ni Mama Naetwe wa jumuiya na mkwaruzo wake wa kikohozi, ile Alhamisi ya kwanza. Hili ni lile la siku ya mvua walipokuja wawili tu. Hili ni mimi, naomba huku nimenuna, nalo limeingia. Hakuna lililomwagika. Miezi yote hiyo nimekuwa nikitazama shamba, sijatazama ndiva hata mara moja, na Bwana niliyedhani amenyamaza alikuwa anajaza. Furaha inanipanda kutoka tumboni, naimba na chura mmoja ananiitikia vibaya sana, na maji yanapanda hadi kwenye magugu, hadi ukingoni. Sasa, anasema asiye na uso, ananipa pembe. Napuliza. Navuta. Maji yanaruka kama ndama waliofunguliwa, nami nayafuata mfereji mzima nikiteleza kwa makalio yangu ya miaka hamsini na minne, ule mji unakunjuka kwapani mwa mwenyewe na kuyeyuka, kila mimi anaachia komeo lake, maji yanafika, yanagusa miguu ya Eliamani, anavuta pumzi, na punje ya harage inagonga sakafu.

Baraza. Ungo. Huko njiani akina mama wanapanda kilima wakiimba, Mama Naetwe mbele na mkwaruzo wake. Na karibu yangu kuna sauti nyingine, ya chini, inakatika, inarudi. Mmm. Mmm. Eliamani amefumba macho anashika besi yake, noti mbili tu, na zote mbili anazikosea. Nataka kumkamata mabega nimwambie niite, sema Nakunda, liseme jina langu sasa hivi. Mdomo nimeshaufungua. Naufunga. Naweka ungo chini, nakwenda kutoa komeo, na hapo ndipo naiona miguu yangu: matope mekundu mpaka vifundoni, mabichi, na mvua ina wiki tatu haijanyesha. Sijui nimesimama upande upi wa usingizi. Karibuni, nawaambia, ingieni taratibu, ana jambo anaimba.