Barabara ya Machimbo

Kwa miaka mingi vituo viwili vya polisi, kimoja upande huu wa mto na kingine ng'ambo, viliishi kama paka na panya, na daraja lililokuwa katikati yao wakaligeuza jalala. Ndiyo, jalala, sisemi vingine. Dereva akikamatwa huku amelewa chakari, askari mvivu wa kuandika alimwambia avuke, akawe mzigo wa wenzake. Wa ng'ambo naye alimrudisha. Fundi seremala mmoja alivushwa mara tatu mchana mmoja, mpaka akachoka mwenyewe, akaegesha gari katikati ya daraja akalala fofofo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwezi uliofuata, mwingine aliyevushwa hivyo hivyo akawaparamia kwa gari wanawake wanne waliokuwa wakitoka sokoni. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Aliyesema imetosha alikuwa Sajini wa kikosi cha barabarani, upande wa huku. Mama huyo alivuka daraja kwa miguu, akaingia ofisini kwa mkuu wa kituo cha ng'ambo, akakaa kitini na kugoma kuondoka mpaka asikilizwe. Mpango wote ulikuwa wake. Kila kizuizi kiwe na askari wa huku na wa kule. Redio zao zisikilizane. Kipima ulevi wakitumie kwa zamu. Na mahali pa kizuizi pasijulikane mpaka asubuhi ya siku yenyewe, tena wajue wale wa kazini tu. Wakubwa walipomuuliza kwa nini askari wachanganywe, aliwajibu kwamba wa huku atamwachia shemeji yake apite, lakini wa ng'ambo hana shemeji huku. Wakampigia makofi.

Alipangwa pamoja na koplo mmoja wa ng'ambo, mrefu mpaka akiingia ofisini anainama, watu wakambandika jina la Mlonjo. Mwanzoni walinuniana. Baadaye wakazoeana, wakawa wanataniana kama watu na binamu zao. Mlonjo alikuwa na uvumilivu wa ajabu, mlevi angeweza kumtukania ukoo mzima, yeye akamshikia tu kile kipima na kumwambia, "Puliza, mzee wangu, utanitukana vizuri ukimaliza." Hazikupita wiki sita, muuguzi wa chumba cha majeruhi alimwambia Sajini kwamba siku hizi Jumamosi anapata hata nafasi ya kuketi. Sajini alilirudia neno hilo kwa kila mtu aliyekutana naye. Ana haki, jamani, lilikuwa jasho lake.

Ila nyumbani kulikuwa na mdogo wake. Kitinda mimba huyo alikuwa dereva wa lori la saruji, mcheshi, kipenzi cha watu, anaishi na mama yao na ndiye aliyemtazama mama huyo kwa kila kitu. Jumamosi akishakabidhi lori, huyoo, kwenye kigari chake cheupe chenye mlango mmoja wa kijani alioutoa kwenye gari jingine, mpaka kilabuni. Sajini alikwishamgombeza, akambembeleza, siku moja akamfichia funguo kwenye debe la unga. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Na kila alipomwazia, Sajini aliona jambo lile lile: akikamatwa, leseni inakwenda, na leseni ikienda, lori limekwenda, na mama anabaki na nani?

Jumamosi ile askari walitosha vizuizi viwili tu, na njia za kutoka upande wa kilabu zilikuwa tatu. Barabara kuu ikafungwa, ya sokoni ikafungwa. Ya tatu, ile inayozunguka machimbo ya kokoto ya ng'ambo, Sajini mwenyewe ndiye aliyeifuta kwenye karatasi. Magari ni machache kule, alisema, tena kona ni nyingi, nani atapita?

Saa tisa alasiri moyo ukamshinda. Akamwambia Mlonjo anakwenda msalani, akazunguka nyuma ya kituo cha mafuta, akapiga simu. Muziki ulikuwa juu, ikambidi apaze sauti.

"Ukitoka hapo usipite barabara kuu, wala ya sokoni. Pita machimbo. Na uende polepole, unanisikia?"

Mdogo wake akacheka. "Dada, wewe ndiye serikali yangu."

Akarudi barabarani. Gari lililofuata lilikuwa la mwalimu mmoja, mkewe pembeni analia, naye anaomba asamehewe kwa ajili ya watoto. Sajini alichukua funguo, akamwambia sheria haina ndugu. Alilisema bila kupepesa macho. Mkuki kwa nguruwe, wahenga hawakukosea.

Haikutimia saa kumi na moja redio ikaita. Zamani habari ya machimboni ingekwenda kwa watu wa ng'ambo tu. Sasa kwa sababu ya mpango wake, waliisikia wote pale barabarani. Gari dogo jeupe limetumbukia shimoni kwenye kona ya tatu. Dereva alikuwa peke yake, na hakuna haja ya kuharakisha. Mlonjo akasema atakwenda yeye. Sajini alikwishaanza kukimbilia gari. Njia nzima alijiambia magari meupe yako mengi. Alipofika ukingoni akauona mlango wa kijani, akakaa chini palepale na sare yake.

Wakamzika Jumatatu. Askari wa vituo vyote viwili walikuja, wakaketi pamoja kama watu wa nyumba moja. Mlonjo akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Sajini. Laiti angepita kwetu siku ile. Ningemnyang'anya funguo, angetutukana, angelala mahabusu. Leo angekuwa anaumwa kichwa tu."

Masikini, alitaka kumfariji. Sajini akaitikia kwa kichwa. Barua ya kukiri kwa mkuu wake ilikuwa tayari kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Kazi ikiisha, na iishe. Hiyo hakuiogopa. Aliogopa chumba cha mama yake.

Mama alikuwa ameketi chini, ameegemea kitanda, simu ya marehemu mapajani. Mjukuu alikwishamsomea kwamba aliyempigia mwisho ni dada yake, na tangu hapo mama alikuwa akimwambia kila anayeingia, angalau mwanangu hakuondoka bila kuagana na mtu wa kwao. Ndicho kilichomfanya anywe hata maji.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Niambie, mwanangu. Alisema nini?"

Uongo ulikuwa ulimini, mtamu kabisa: alikusalimu, mama, alisema anakuja kula. Nani angemlaumu? Sajini akakaa. Akaitazama ile simu, akaona hawezi kumwachia mama yake faraja hiyo, kwa kuwa kuagana huko hakukuwepo.

"Mimi ndiye niliyempigia, mama. Nilijua amelewa. Nikamwambia apite machimbo, asikamatwe."

Mama hakupiga kelele. Aliisugua simu kwa kidole kana kwamba ina vumbi.

"Watoto wa wenzio uliwasimamisha," alisema mwishowe. "Wote wakarudi kwa mama zao. Wangu ndiye uliyemfungulia njia."

Sajini akainamisha kichwa sakafuni, akalia kwa sauti, kilio alichokizuia tangu Jumamosi, mpaka waliokuwa uani wakanyamaza. Jirani mmoja akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Mama akamwambia hakuna neno, mtoto anamlilia ndugu yake, amwache. Kisha akamwomba amletee uji kidogo, kwa sababu huyu naye hajala tangu juzi.