Aliyekuwa Akikoroma Chini ya Meza

Mjomba alikuwa ameshateremka ghorofa mbili, akiaga mlango kwa mlango, begi begani na kigodoro chake kimekunjwa kwapani, aliposikia kandambili zikipiga ngazi juu yake.

"Mjomba! Simama hapo hapo!"

Hakusimama. Mtu aliyeendesha malori miaka thelathini na minane hasimami katikati ya mteremko. Tena alikuwa ameondoka bila kinyongo, au tuseme kinyongo kidogo tu. Mpwa wake, ambaye tangu utotoni walimwita Kasuku kwa kupenda kusoma kwa sauti, alikuwa anarekodi vitabu kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Kitabu cha historia msimamizi wa maktaba ya sauti alikuwa amekirudisha mara mbili: nyuma ya msomaji kuna mtu anakoroma. Leo ikigonga saa nane mchana bila sura ya mwisho iliyo safi, kazi anapewa mwingine. Na katika nyumba ile ya vyumba viwili, mkoromaji aliyejulikana alikuwa mmoja.

Kasuku alimpita, akaziba ngazi kwa mikono yote miwili. "Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Nimerekodi ulipotoka tu. Sauti bado ipo."

Mjomba akatua begi. "Kwa hiyo wiki nzima nimesingiziwa?"

"Nisamehe, Mjomba wangu."

"Nitafikiria. Beba godoro."

Chumbani, Kasuku alimvisha hedifoni. Mjomba akafumba macho. Guu-guu-guu, kroo. Kimya. Guu-guu.

"Mimi sikoromi ovyo namna hii," alisema, moyo umemuuma kweli. "Mimi nina mpangilio."

"Friji nimeichomoa. Feni za kompyuta nimezizima moja moja. Wapi!"

"Nipe mwiko."

"Wa nini tena?"

"Nipe mwiko, mama. Kwenye injini nilikuwa nasikilizia kwa bisibisi ndefu, lakini bisibisi humo ndani siipeleki."

Akapiga magoti mbele ya kompyuta iliyolala chini ya meza, ubavu wake ukiwa wazi. Aligusisha mpini kwenye fremu ya feni, sikio kwenye kichwa cha mwiko. Hakuna kitu. Kwenye rejeta, hakuna. Kwenye kipampu kilichoshikana na tangi dogo la maji, mwiko ukamtetemesha mpaka taya.

"Hii inapozwa kwa maji, kama lori?"

"Kama lori. Pampu inasukuma maji, yanapoza kichwa cha mashine, yanapita kwenye rejeta, yanarudi."

"Basi pampu inakunywa hewa. Ona, maji yamekaa upande, pale yanapoingilia pampu pamebaki pakavu. Mpumbavu gani kailaza mashine hii?"

Kasuku alimtazama tu, midomo ikimcheza.

Hapo Mjomba akakumbuka. Siku aliyofika, akitafuta nafasi ya godoro, aliikuta kompyuta imesimama wima kando ya meza. Maisha yake yote mzigo mrefu na mwembamba aliulaza, usije ukapinduka kwenye kona. Akailaza, akaisukuma chini ya meza, akajipongeza.

"Niliogopa itaanguka kwenye kona," alisema.

"Kona ipi, Mjomba? Nyumba inakwenda wapi?"

"Usinicheke. Zima umeme."

Waliisimamisha. Maji yalikuwa yamepungua, na Mjomba akashika njia ya bombani na kikombe. Kasuku akamdaka shati. "Ya bomba yataacha chumvi humo!"

Mjomba akafungua begi lake, akatoa chupa ya maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi.

"Lori huna, maji ya betri unayo?"

"Wenzangu wanatembea na picha za wake zao. Niache."

Wakajaza kwa bomba la sindano, wakazungushia karatasi laini kwenye maungio ili uvujaji wowote uonekane, wakawasha. Karatasi zilibaki kavu, lakini kelele ikazidi maradufu. Saa saba kasorobo. Kasuku akakaa kitandani, mikono kichwani.

"Inuka," Mjomba alisema kwa upole. "Wadogo zako watatu umewalea wewe. Mtoto akishanyonya unamfanyaje?"

Wakaishika huku na huku, wakaiinamisha taratibu mbele, nyuma, kushoto. Wakazima pampu, wakangoja, wakawasha. Mapovu yakaanza kupanda tangini, madogo madogo, kisha likaja moja kubwa: bwaa!

Kimya. Wakasikia saa ya ukutani, ambayo wiki nzima haikusikika. Kasuku akaichomoa betri.

Alisoma sura yote kwa pumzi ya kupimwa. Mjomba alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Kwenye ukurasa wa nne kikohozi kilimpanda. Akakimeza hadi machozi yakamtoka. Saa saba na dakika hamsini na moja Kasuku akatuma.

Sura ilipokelewa. Kasuku aliisomea maktaba hiyo miaka sita, vitabu arobaini na kitu, kisha akapewa kufundisha wasomaji wapya. Msimamizi alistaafu, akafuga kuku. Kompyuta iliungua mwaka wa tano, ikauzwa vipande. Mjomba aliondoka mwezi mmoja baada ya siku ile kwa lori la vigae, akarudi, akaondoka tena; safari ya nne miguu ilikataa, akabaki. Alifariki asubuhi moja katika chumba cha mbele, mpwa wake akimsomea.